Nilivyoiua sauti ya mjomba kwa kipande cha msasa

MSOMAJI, kabla hujacheka naomba kwanza unisikilize. Kuna vitu viwili ambavyo kijana wa mjini hatakiwi kuvigusa bila ruhusa: simu ya mkewe na mausipisi ya saksafoni ya mtu mzima. Hilo la simu sina ushahidi nalo, bado sijaoa. Hilo la pili nimelifanya, na kasheshe lake ndilo ninalokuletea wiki hii.

Mausipisi, kwa wale ambao saksafoni wanaiona kwenye televisheni tu, ni kile kipande cheusi cha juu kinachoingia mdomoni. Chombo kizima kinang'aa kama dhahabu, watu wanapiga nacho picha, akina dada wanakikodolea macho. Lakini sauti inazaliwa kwenye hicho kipande kifupi ambacho kinaenea mfuko wa shati.

Ajabu ni kwamba wengi wetu hatukijali. Mtu anajikamua, ananunua saksafoni mpya, halafu anapulizia plastiki iliyokuja bure ndani ya boksi. Ni sawa na kununua Benzi ukaivalisha matairi ya mkokoteni.

Mimi yangu sikununua. Nilipewa na mjomba.

Mjomba alipuliza tena, ile saksafoni yenye sauti nzito ya kiume, katika bendi za dansi hapa Dar miaka ya 80. Enzi hizo bwana, Sikinde na Msondo zikikutana mji unagawanyika. Waliokuwapo wanasema mstari wa matarumbeta na saksafoni ukisimama, wacheza dansi wanaacha bia mezani. Mjomba mwenyewe aliupenda ugonjwa huo tangu utotoni, kwa kumsikiliza Verckys wa Kongo, yule aliyepulizia OK Jazz ya Franco kabla ya kuanzisha Vévé yake mwaka 1969.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukalegea, na mdomo ukapinda kidogo upande. Mpulizaji aliyepinda mdomo ni kama mpiga gitaa aliyekatika vidole. Siku moja akaniita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, chukua hii. Ikikaa kabatini itaoza."

Ndani ya boksi kulikuwa na ile tena, na mausipisi yake nyeusi ya eboniti iliyozeeka mpaka ikaanza kuwa na rangi ya majani makavu. Namba ilishafutika. Juu yake kulikuwa na vishimo viwili. Meno yake. Miaka zaidi ya ishirini ya kung'ata sehemu moja usiku kucha.

UNAPIGA AU UNAPUMUA?

Nikajifua miezi kumi na nne. Majirani walihama vyumba, sikwambii. Hatimaye nikapata nafasi ya kujaribiwa na bendi moja inayopiga zilipendwa Jumamosi kwenye baa moja ya Temeke. Bendi siitaji, maana bado natafuta maisha.

Jamani, magitaa ya siku hizi! Spika zimepangwa kama ukuta. Mimi napuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka, lakini hakuna anayenisikia. Kiongozi wa bendi akasimamisha muziki, akaniangalia.

"Dogo, unapiga au unapumua?"

Watu wakacheka mpaka mhudumu akamwaga soda. Baadaye mshikaji mmoja wa tarumbeta akanivuta pembeni, akanipa ushauri: "Mausipisi yako imefunga sana. Hiyo ni ya kizamani. Ifungue, utapasua anga."

Nikauliza inafunguliwaje. Akajibu kwa neno moja: "Msasa."

NYUMBA YENYE DARI NA CHUMBA

Hapa lazima nikufundishe kidogo ili uelewe ukubwa wa balaa nililolifanya. Mausipisi ni kama nyumba ya kupanga. Upande wa chini kuna sehemu bapa, hiyo ndiyo meza, ambako ridi inalala na kubanwa. Ridi ni kile kibao chembamba cha tete kinachotikisika. Mbele ya meza kuna dirisha, na pembeni mwa dirisha kuna reli mbili nyembamba zinazokutana kwenye ncha.

Sasa sikiliza kwa makini. Zile reli haziendi moja kwa moja. Kuanzia sehemu fulani, kwa tena mara nyingi milimita 24 hivi kutoka kwenye ncha, zinaanza kupinda taratibu kuikimbia ridi. Mpindo huo unaishia kwenye ncha, ambapo panabaki nafasi kati ya ncha na ridi. Hiyo nafasi ndiyo watu wanayoiita uwazi. Unapopuliza, ridi inajikunja kuufuata mpindo, inaziba, inaachia, inaziba, inaachia, mamia ya mara kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti.

Uwazi ukiwa mdogo unahitaji ridi ngumu kidogo, sauti inatulia na ni rahisi kuidhibiti. Uwazi ukiwa mkubwa unahitaji ridi laini na pumzi ya kutosha, sauti inajaa lakini midomo inachoka haraka.

Ndani nako kuna mambo. Nyuma tu ya ncha, upande wa juu, kuna dari. Dari likiwa chini, karibu na ridi, hewa inapita kwa kasi na sauti inakuwa kali, inakata katikati ya magitaa kama wembe. Dari likiwa juu, sauti inakuwa nene na ya upole. Baada ya dari kuna chumba. Chumba kikubwa sauti ya giza, chumba kidogo sauti ya mwanga. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeipatia saksafoni hataza mjini Paris mwaka 1846, alitumia chumba kikubwa cha mviringo. Hakuwa na haja ya kushindana na spika.

Kwa hiyo tatizo langu, kama ningejua, halikuwa uwazi peke yake. Lilikuwa dari na chumba, na zaidi ya hapo lilikuwa pumzi zangu mwenyewe. Lakini nani angeniambia? Mimi tayari nilikuwa dukani nanunua msasa.

DAKIKA ISHIRINI ZA KIJINGA

Nilinunua msasa wa mbao. Ndiyo, wa mbao, ule mgumu wa maseremala. Nikautandaza juu ya meza ya kulia chakula, meza yenyewe imebonyea katikati. Nikashika mausipisi ya mjomba kwa mkono wa kulia, nikaanza kusugua ncha mbele na nyuma kama mtu anayekwangua nazi.

Unga ukatoka. Ukanuka salfa kama kiberiti, maana eboniti ni mpira uliopikwa na salfa. Nikaona kazi inakwenda. Kila nikipima kwa macho naona uwazi umeongezeka, roho inafurahi. Dakika ishirini nikafuta, nikafunga ridi, nikapuliza.

Ikalia kama bata aliyekanyagwa.

Nikabadilisha ridi. Bata yule yule. Noti za katikati zinatoka kwa taabu, za juu zinapiga yowe, na za chini kabisa, zile ambazo mjomba alisifika nazo, wapi! Hewa tupu. Nikajipa moyo kwamba mausipisi inahitaji kuzoewa. Ubishi wa ujana ni ugonjwa, msomaji. Jumamosi nikaenda nayo jukwaani.

Nisikuchoshe. Kwenye mstari wangu wa kwanza ilipiga yowe moja mpaka mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akasimama. Safari hii kiongozi hakusema neno. Alimpa tu mpiga gitaa ishara aichukue sehemu yangu. Nikabaki nimesimama na lichombo shingoni, taa zinanimulika. Aibu yake usiombe.

FUNDI WA VIOO NA VIBATI

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu ambaye enzi zake alipiga bendi ya matarumbeta. Siku hizi yuko uani kwake anatengeneza vyombo vya makanisa. Nikamwamkia, nikamkabidhi. Akaigeuza kwenye mwanga, akanyamaza muda mrefu.

"Kijana, nani kafanya hivi?"

Nikataka kusingizia. Nikashindwa.

"Mimi, babu."

Akatoa kipande cha kioo kinene alichokichora mistari ya milimita, na vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari wanapimia valvu. Akailaza meza ya mausipisi juu ya kioo, ncha ikaenda kwenye alama ya sifuri. Kisha akaingiza kibati cha milimita 0.05 kutokea kwenye ncha, akakisukuma taratibu mpaka kikagota.

Kikakaa upande. Reli ya kulia kilikwenda mpaka 28, ya kushoto kikaishia 23. Mkono wangu wa kulia ulikandamiza zaidi upande wake. Akaingiza kibati kinene kidogo, kikakaa upande tena. Na tena. Kila kibati kilikuwa kinanisema.

"Ridi haiwezi kuziba pande zote kwa pamoja," akasema. "Upande mmoja unafunga, mwingine unavuja. Ndiyo maana noti za chini zimekufa." Akanionyesha na ncha. Ile reli ya mbele nilikuwa nimeikonda katikati mpaka imekuwa kama ukucha. Hayo ndiyo mayowe.

Nikamwomba airudishe ilivyokuwa. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma: "Ilikuwaje? Uliipima kabla?"

Sikuipima. Hakuna aliyewahi kuipima. Namba ilishafutika, na kumbukumbu pekee ya vipimo vile ilikuwa ni mausipisi yenyewe. Nami nilikuwa nimeigeuza unga na kuupuliza dirishani.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA NA WANAOIJUA

Nilikaa pale siku mbili nikimwangalia. Kwanza akabandika msasa wa maji, namba 400, juu ya kioo, maana kioo hakidanganyi kama meza yangu ya chakula. Akaulowesha ili vumbi lisiruke, akasema vumbi la eboniti si la kuvuta kifuani. Akaanza na reli ya kushoto, ile ambayo nilikuwa nimeionea huruma.

Misuguo mitatu, anafuta, anapima. Misuguo miwili, anafuta, anapima. Hakusugua mbele na nyuma kama mimi. Alikuwa anaizungusha taratibu kuufuata mpindo, ili pasibaki kona yoyote, maana ridi ikikutana na kona inakataa kujikunja. Vibati vilipoanza kukaa sawa kulia na kushoto, vyote, kuanzia chembamba mpaka kinene, akahamia kwenye msasa laini wa 600.

Lakini kulikuwa na gharama. Kila unapopunguza reli, uwazi unaongezeka. Mausipisi ikawa imefunguka kupita kiasi. Hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akasugua meza. Ukipunguza meza, ridi inasogea karibu na ncha, uwazi unapungua. Kuongeza mali huwezi, unaweza tu kupunguza kwingine ili mambo yalingane. Mwisho akapunguza ncha kwa ndani, kwa kijifaili kidogo, ili ile reli ya mbele ipate unene unaofanana kutoka pembe mpaka pembe.

Akapanga vibati kupima ncha: milimita 2.8. Akaandika kwenye karatasi, yeye na tarehe, akaniambia niitunze kama cheti cha kuzaliwa.

Halafu jaribio. Akafunga ridi, akaziba tundu la nyuma kwa kiganja, akafyonza hewa na kuitoa mdomoni. Ridi ikabaki imeng'ang'ania sekunde kadhaa, kisha "tap!" ikaachia. Maana yake inaziba vizuri. Kabla ya kazi yake haikung'ang'ania hata sekunde moja.

Ikapona. Noti za chini zikarudi. Lakini ilikuwa ni sauti nyingine, pana zaidi na yenye upepo. Hata mimi nilijua.

KUMBE SIKO PEKE YANGU

Baadaye nikagundua kwamba ugonjwa huu umewakumba mpaka wafalme. John Coltrane, Mmarekani aliyefariki mwaka 1967 na ambaye wapulizaji tena wa dunia nzima wanamwapia, aliulizwa kwenye mahojiano ya 1966 kuhusu zile rekodi zake za nyimbo za taratibu za mwanzoni mwa miaka ya 60, wakati wa santuri ya Ballads. Akakiri kwamba alifanya ujinga. Hakuridhika na mausipisi yake, akaipeleka ikafanyiwe kazi, na badala ya kupona ikaharibika. Ile kasi aliyokuwa akiitafuta ikagoma, ikabidi apunguze.

Basi kama Coltrane alichemsha, mimi wa Temeke ni nani? Tofauti ni kwamba yeye alipochemsha watu walipata santuri nzuri. Mimi nilipata bata.

KAMA UNATAKA KUNUNUA

Haya, wewe usirudie yangu. Kabla hujagusa msasa, jiulize kama huhitaji tu mausipisi nyingine. Nimejifunza haya:

Kwanza, usiamini namba. Kila kampuni ina hesabu yake. Otto Link wa Marekani, kwa mausipisi zao za tena, namba 5 ni inchi 0.080, 6 ni 0.090, 7 ni 0.100, na ile 7* inayosifiwa sana ni 0.105, yaani milimita 2.67 hivi. Kutoka 7 hadi 7* ni unene wa karatasi moja ya fotokopi na ushee! Berg Larsen wa Uingereza wao wanaandika uwazi wenyewe: 110 ni inchi 0.110, na namba inayofuata baada ya mkwaju inaeleza ndani, 0 ikiwa ndiyo kali kuliko zote. Selmer wa Ufaransa, kwa baadhi ya mausipisi zao, wanatumia herufi. Kwa hiyo ukiambiwa "chukua saba", uliza saba ya nani.

Pili, kama unaanza, usione haya. Yamaha 4C ni ya bei nafuu, uwazi wake ni wa wastani, na imekatwa sawasawa. Bora hiyo kuliko ya chuma inayometameta iliyokatwa kombo. Na chuma si lazima kiwe na sauti kali. Kinachoamua zaidi ni umbo la ndani na mpindo.

Tatu, angalia kwenye mwanga. Reli mbili ziwe na upana sawa. Ncha isiwe na pengo wala alama ya kuanguka. Pitisha ukucha taratibu, ukikwama iache.

Nne, nenda na ridi zako, namba tofauti: 2, 2 na nusu, 3. Fanya lile jaribio la kufyonza. Kisha puliza noti za chini kabisa kwa sauti ndogo, usijionyeshe kwa mbwembwe za juu. Mausipisi mbovu hujificha kwenye kelele. Mwombe mwenzako asimame mbali, maana wewe unayepuliza huisikii sauti kama anavyoisikia aliye mlangoni.

Tano, ya mtumba ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya kuitia mdomoni. Maji ya moto hapana, eboniti inabadilika rangi na kunuka.

Sita, ukiipenda, ipime na uandike. Hata kama huna mpango wa kuigusa.

MBELE YA MJOMBA

Ilibaki kazi moja ambayo hakuna fundi angenifanyia. Jumapili moja nikaenda Mbagala kwa mjomba, nimebeba boksi. Nilimweleza yote, msasa wa mbao, meza ya chakula, bata, kila kitu. Macho yangu yalikuwa kwenye mkeka.

Akanyoosha mkono wake mzima. Nikampa. Hakuangalia reli wala ncha. Alipitisha kidole gumba juu, kwenye vile vishimo viwili vya meno, akakaa navyo.

"Piga."

Nikapiga. Mstari mmoja wa zamani, wa chini, polepole, ule aliokuwa akinifundisha kwa mdomo kabla sijajua hata kushika saksafoni. Nilipomaliza shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Umeiharibu," mjomba akasema.

"Nisamehe mjomba."

"Siyo yangu tena hiyo." Akanirudishia. "Sasa ni yako. Usije ukaniletea tena kuniuliza."

Halafu akaniuliza Simba wametoka ngapi.

Nimesharudi kwenye ile bendi. Kiongozi hajanisifia, lakini na gitaa hajampa tena sehemu yangu. Nimeanza pia kuweka akiba ya mausipisi ya pili, yenye dari la chini, kwa ajili ya yale maspika. Ya mjomba naipuliza nyumbani na kwenye nyimbo za taratibu, meno yangu yakiwa yanakaa kwenye vishimo vyake. Kile cheti cha milimita 2.8 kiko ndani ya boksi.

Na ule msasa uliobaki nimempa jirani yangu seremala. Yeye anajua kazi yake.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.